Nyama Iliyopoteza Mwenyewe

Mwaka 1956, katika misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, Candi Rureke wa kijiji cha Bese alisimulia hadithi moja kwa siku 12. Alisimulia, akaimba, akacheza na kuigiza, wenzake wakipiga vijiti kushikilia mahadhi, huku mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wa Kinyanga wakiandika kila neno lililomtoka. Kazi ile ilitoka kitabuni mwaka 1969 ikiwa na majina mawili kwenye jalada: Biebuyck, na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Tangu hapo hadithi hiyo, utendi wa Mwindo, inasomwa katika vyuo vikuu vingi duniani. Wasomaji humkumbuka mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, baba aliyetaka kumwua, na safari ya kuzimu. Sehemu ya mwisho haisimuliwi sana, nayo ndiyo inayohusu nyama.

Mwindo amekwisha kuwa mtawala wa kijiji cha Tubondo. Siku moja anashikwa na uchu wa nguruwe mwitu. Haingii msituni yeye. Anawatuma Batwa wake, wawindaji wa msituni, pamoja na mbwa. Batwa wanamfukuza nguruwe mbali sana, wanamwua, kisha wanakutana na Kirimu, dubwana lenye vichwa saba, linalowameza. Mmoja tu anaponyoka na kuleta habari. Mwindo anatoka, anamwua Kirimu, watu wanakatiwa nyama, wanachoma na kula. Kumbe Kirimu alikuwa amechanjana damu na Nkuba, bwana wa radi. Upepo unamfikishia Nkuba harufu ya rafiki yake aliyekufa. Anamchukua Mwindo hadi mbinguni, na kwa mwaka mzima Mwindo anateswa na mvua, jua, mwezi na baridi. Anarudishwa nyumbani kwa sharti moja kubwa: asiue tena mnyama, wa msituni wala wa kijijini, hata mdudu.

Wanyanga waliotunga hadithi hii hawakuichukia nyama. Walikuwa wategaji na wawindaji hodari, na nyama kwao ilikuwa chakula cha heshima. Wangeweza kumwadhibu shujaa wao kwa kosa lolote. Walichagua kumwadhibu kwa kuua na kula bila kujua aliyeuawa ni ndugu wa nani. Jambo hilo lina uzito katika eneo lile leo, kwa sababu historia ya miaka mia na zaidi ya Masisi na Walikale ni historia ya mlaji kusogezwa mbali na mnyama anayemla, hatua kwa hatua, mara nyingi kwa nguvu.

Wilaya hizi mbili zinapakana lakini hazifanani. Masisi ni nchi ya milima, miinuko inayopita mita 2,000, baridi, ukungu na majani mabichi. Ukielekea magharibi barabara inateremka, hewa inakuwa nzito, na msitu unafunga. Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu asilimia 40 ya jimbo zima la Kivu Kaskazini, na mito yake, Lowa na Oso ikiwa miongoni mwake, inamwaga maji upande wa Lualaba. Humo wanaishi Wanyanga, Wakano, Wakumu, Watembo, Warega na Batwa. Milimani Masisi wenyeji wa kale ni Wahunde.

Kwa watu hawa uwindaji ulikuwa kazi ya wengi. Nyavu ndefu zilifungwa kati ya miti, wanaume wakajificha nyuma yake na mikuki, wengine wakaingia upande wa pili na mbwa kuwaswaga wanyama. Mbwa wa nchi ile hawabweki ovyo. Shingoni walivalishwa kengele ya mti, ili mwenye mbwa ajue kwa sauti yake mawindo yanaelekea wapi. Biebuyck aliona nafasi ya mbwa huyo katika maisha na mila za Wanyanga kuwa kubwa kiasi kwamba mwaka huohuo wa 1956 alimwandikia makala yake peke yake.

Zaidi ya wavu kulikuwa na mtego. Mtegaji hutafuta njia nyembamba ya mnyama, ile inayoonekana kwa majani yaliyolala na kwato zilizochora udongo. Hukata mti mwembamba wenye kunepa, akauchomeka ardhini na kuupinda hadi ncha iguse chini. Hufunga kamba yenye kitanzi, akakitandaza juu ya kishimo kifupi kilichofunikwa majani, na kukishikiza kwa kijiti kidogo. Mnyama akikanyaga, kijiti kinachomoka, mti unanyanyuka, na mguu unabaki juu. Siku hizo kamba ilisokotwa kwa nyuzi za mimea. Mtegaji alilazimika kurudi mara kwa mara, kwa kuwa mzoga ungeoza au kuliwa na chui, na asiporudi kabisa mvua iliozesha kamba na mtego ukafa wenyewe. Katika kamba ile kulikuwa na ulinzi ambao hakuna sheria iliyouandika.

Nyama ikifika kijijini ilikuwa na wenyewe. Mwenye wavu, mwenye mbwa, aliyechoma mkuki wa kwanza, wazee wa ukoo: kila mmoja alijua fungu lake. Chui hakuwa wa aliyemwua. Alipelekwa kwa mwami, mtawala wao. Kwa Warega, kakakuona mkubwa hakuuawa kwa kutaka tu, na wazee wa bwami, chama chao cha heshima, walikuwa na taratibu zao hata kwa aliyeokotwa amekufa. Kulikuwa na nyama ambazo wanawake hawakuruhusiwa kula, na dhuluma hiyo haifai kufichwa kwa kuisifu mila. Lakini hakuna aliyekula bila kujua: mtoto aliyeshika kipande cha mboloko, yule swala mdogo wa msituni, alijua mnyama alinaswa upande gani wa mto na nani aliyembeba.

Biashara ya kwanza iliyovunja mzunguko huu haikutaka nyama. Kati ya miaka ya 1870 na 1890, misafara ya Wangwana kutoka Nyangwe na Kasongo, watu wa Tippu Tip na wenzake, ilipenya misitu ya mashariki ya Kongo ikitafuta pembe za ndovu na watumwa. Kiswahili kinachosemwa leo katika soko la Walikale kilifuata njia hizohizo. Ndovu aliyekuwa akilisha vijiji kwa siku kadhaa sasa aliuawa kwa ajili ya meno mawili yatakayosafirishwa hadi Zanzibar na kuishia kuwa vitufe vya piano katika nyumba za watu wasiowahi kumwona.

Kisha wakaja Wazungu na bunduki za aina nyingine. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley aliua masokwe watano katika milima ya volkano mashariki mwa Masisi kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, na mwaka huohuo Mwanamfalme Wilhelm wa Sweden na msafara wake wakaua 14. Hakuna aliyekula. Akeley aliguswa na alichokifanya, akamshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji, na mwaka 1925 ikaanzishwa hifadhi ya kwanza ya taifa barani Afrika, ambayo leo ni Virunga. Mwaka 1937 ikatoka amri ya kikoloni juu ya uwindaji na uvuvi katika Kongo ya Ubelgiji. Tangu hapo mtu wa Walikale aliyetega mboloko wa kitoweo aliweza kuitwa mhalifu, na mgeni mwenye kibali akaitwa mwindaji. Mpaka huo ulichorwa na watu waliokuwa wakila nyama iliyochinjwa na mtu mwingine.

Huko Masisi mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi, maana yaligusa ardhi yenyewe. Comité National du Kivu, iliyoundwa 1928, iligawa ardhi kwa walowezi wa Kizungu. Mashamba yalitaka vibarua, na kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni iliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka Gishari na sehemu nyingine za Masisi. Msitu wa milimani ukafyekwa. Pakaota chai, kahawa, pareto, na majani ya malisho. Wahunde waliozoea kuweka mitego nyuma ya mashamba yao walijikuta wakitazama ng'ombe wa mtu mwingine wakilisha palepale. Walioletwa kutoka Rwanda nao hawakuulizwa kama ardhi ile ina wenyewe. Walipewa jembe na ploti.

Katika kambi za migodi ya bati, kazi ya kampuni kama Minière des Grands Lacs iliyoanza miaka ya 1920, kilizaliwa kitu kingine kipya: posho. Sheria ya ajira ilimtaka mwajiri amlishe mfanyakazi. Kwa mara ya kwanza mtu wa msituni alipokea chakula kwa kipimo, kutoka ghala, kwa mkono wa karani.

Uhuru haukurudisha ardhi. Hatua ya Novemba 1973 ya kufanya mali za wageni kuwa za Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, pamoja na sheria ya ardhi ya Julai mwaka huohuo iliyosema ardhi yote ni ya Serikali, ziliwapa wakubwa wa siasa na biashara nafasi ya kuyachukua mashamba ya walowezi. Masisi ikawa nchi ya ranchi, na wenye ranchi wengi walikaa Goma au Kinshasa. Jibini ya Masisi, ufundi ulioletwa na wamisionari, ikawa fahari ya jimbo. Magurudumu yake ya manjano yanauzwa Goma, na hadi mwanzoni mwa 2025 yalipandishwa ndege kwenda Kinshasa. Mchungaji anayeamka alfajiri kukamua ng'ombe huyo mara nyingi hana hata ndama mmoja wa kwake.

Upande wa msitu, muongo huohuo ulileta ufa wa aina nyingine. Tarehe 30 Novemba 1970 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, na mwaka 1975 ikapanuliwa hadi kilomita za mraba 6,000 hivi, sehemu ya upanuzi huo ikiingia Walikale. Batwa waliokuwa wakiishi katika eneo la milimani walifukuzwa bila ardhi mbadala. Watu waliojua kila mlio wa msitu ule walipelekwa kukaa ukingoni mwake kama vibarua wa mashamba ya wengine. Ilichukua karibu nusu karne kwa chombo kikubwa kukiri kosa hilo: mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki za Batwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa. Mwaka 1982 Zaire nayo ilikuwa imetunga sheria yake ya uwindaji, yenye vibali, misimu na orodha za wanyama. Ilisomeka vizuri Kinshasa.

Tarehe 20 Machi 1993, katika soko la Ntoto huko Walikale, watu waliokwenda kununua na kuuza chakula walishambuliwa na kuuawa kwa sababu ya kabila lao. Mauaji yakaenea hadi Masisi. Maelfu walikufa, na takriban watu 250,000 walikimbia makwao. Mwaka uliofuata zaidi ya wakimbizi 700,000 kutoka Rwanda walimiminika Goma, wakiwamo wanajeshi na wanamgambo wa Interahamwe waliofanya mauaji ya kimbari. Kati ya 1993 na 1996 ng'ombe wa Masisi waliporwa, wakachinjwa, wakavushwa mipaka, hata malisho mengi yakabaki majani matupu yanayofika kiunoni. Familia zilizokuwa na maziwa zilibaki na maharage, zikipata. Nyama ya wizi iliuzwa Goma, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua ng'ombe yule alikuwa mahari ya nani au ada ya shule ya mtoto gani. Vita viliingia jikoni kwa njia hiyo.

Msituni nako vita vilifika na bunduki. Gobore hupiga risasi moja, kisha mwindaji hushindilia baruti upya. Kalashnikov haimpi mnyama nafasi hiyo. Katika eneo la milimani la Kahuzi-Biega, ambako masokwe wakubwa walihesabiwa kuwa takriban 250 mwaka 1996, mwaka 2000 walikutwa karibu 130. Ndovu wa eneo hilo waliuawa karibu wote.

Mwaka huo wa 2000 bei ya koltani iliruka karibu mara kumi. Viwanda vya simu na michezo ya kompyuta huko Ulaya, Marekani na Asia vilihitaji tantali inayotoka katika koltani, nayo ilikuwa chini ya mizizi ya misitu ya Kivu. Maelfu ya vijana waliacha mashamba yaliyokwisha kuporwa wakaingia msituni na sururu na karai. Mchimbaji hufanya kazi nzito na anahitaji kula. Hakuna shamba mgodini, hakuna zizi, na unga unafika kwa mgongo wa mpagazi kwa bei mara kadhaa ya ile ya sokoni. Kilichopo ni msitu. Basi kando ya kila shimo la madini pakawa na mtu asiyechimba, kazi yake ni mitego.

Bisie ndiyo mfano uliojulikana kuliko yote. Utajiri wa bati katika mlima huo ulianza kuchimbwa mwaka 2002, na masimulizi ya huko yanasema aliyeuona kwanza alikuwa mwindaji. Baada ya miaka michache palikuwa na mji wa maturubai wenye maelfu ya watu. Kutoka Njingala, kwenye barabara, ilikuwa siku mbili za kutembea katika tope na mizizi. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 yakitoka, na bia, unga na mafuta yakiingia. Ndege ndogo kutoka Goma zilitua juu ya lami ya barabara huko Kilambo. Kwa kipindi fulani sehemu kubwa ya bati la Kivu Kaskazini ilitoka katika mlima huo mmoja, na makundi yenye silaha, jeshi likiwamo, yalitoza ushuru kila hatua. Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Walikale mwezi Septemba 2010. Marufuku yakaondolewa Machi 2011.

Mtego uliolisha kambi hizo haukuwa ule wa nyuzi za mimea. Ni waya, mara nyingi wa breki ya baiskeli au klachi ya pikipiki. Waya hauozi. Mtegaji akihama kufuata mgodi mwingine, kitanzi kinabaki njiani kikingoja, na mnyama anayenaswa huoza pale bila mtu wa kumla. Wala hauchagui. Unategwa kwa ajili ya mboloko na nungu, unamkamata mtoto wa sokwe mkononi; wale wanaojinasua huishi na mikono iliyokatika vidole. Yote haya hayahitaji risasi hata moja.

Nyama inayopatikana hukatwa na kupangwa juu ya uchanja, fremu ya vijiti iliyoinuliwa juu ya moto wa polepole. Hubanikwa usiku na mchana hadi inakuwa nyeusi, nyepesi na ngumu. Ubanikaji ni ufundi wa kale na wa akili: bila barafu wala chumvi nyingi, nyama hukaa majuma. Lakini ndio pia unaofuta sura. Kipande cheusi kilicho ndani ya gunia kwenye pikipiki kinachopanda kuelekea mjini hakina ngozi, hakina kichwa, hakina jina. Anayekinunua huambiwa ni nyama ya pori, basi. Inaweza kuwa nguruwe, inaweza kuwa kima, inaweza kuwa sokwe.

Masokwe wakubwa wa aina iliyopo Kahuzi-Biega hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Ripoti ya mwaka 2016 ilikadiria wamebaki 3,800, na mwaka huo wakaingizwa katika daraja la viumbe walio ukingoni mwa kutoweka. Hesabu mpya ya 2021, iliyofika misitu ambayo vita vilikuwa vimeifunga, ilipandisha idadi hadi takriban 6,800. Ni habari njema kiasi, na bado ni chini ya nusu ya waliokuwapo.

Ni rahisi kumtupia lawama zote kijana mwenye waya, na mikutano mingi imefanya hivyo. Watafiti waliowahoji wachimbaji na wawindaji kando ya Kahuzi-Biega na Itombwe, ambao matokeo yao yalitoka katika jarida la Oryx, walikuta jambo lililo wazi kwa yeyote aliyewahi kushinda njaa: wengi waliwinda kwa kukosa nyama nyingine, na walikuwa tayari kuacha iwapo wangepata mbadala. Jawabu hilo linapaswa kuwaaibisha wanaokaa milimani. Kutoka ranchi za Masisi hadi migodi ya Walikale ni wilaya moja kwenda nyingine. Ng'ombe wapo tena, walirudi kwa maelfu baada ya uporaji ule wa miaka ya 1990, wengi wakiwa mali ya wakubwa wa jeshi na biashara. Nyama na jibini yao huelekea mashariki, Goma, kwenye fedha. Barabara ya Sake hadi Walikale kupitia Masisi na Nyabiondo ni mbovu, na vizuizi vya wenye bunduki hutoza kila mzigo. Kilo ya ng'ombe ikivuka vizuizi hivyo vyote, mchimbaji haiwezi tena. Mboloko hapiti kizuizini.

Goma yenyewe imekua kwa kukimbiwa na vijiji. Watu waliozaliwa Masisi na Walikale wakalelewa karibu na mnyama, sasa wanalea watoto wao katika nyumba za mbao juu ya mawe ya lava, na watoto hao huijua nyama ikiwa kwenye kijiti cha mishikaki. Hula sambaza wa ziwani na bugali na sombe, bila kujua kwamba hata samaki huyo aliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959. Mwenye uwezo hununua kuku aliyegandishwa aliyetoka ng'ambo, asiye na kichwa wala miguu. Nyama ya pori, iliyokuwa kitoweo cha maskini wa msituni, kwa wengine wa mjini imekuwa anasa ya kukumbukia kwao.

Kumbukumbu hiyo husafiri mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba karibu tani tano za nyama ya porini ziliingia kila wiki kupitia uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle huko Paris, katika mizigo ya abiria waliotoka Afrika ya Kati na ya Magharibi. Ni nyama ya arusi na ya wageni wa heshima. Kwa bei ya Paris, familia ya mtegaji ingesomesha watoto. Kwa bei anayopewa mtegaji, hununua sabuni na chumvi.

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Agosti 2018 ulionyesha umbali huo kwa ukali. Uliua watu 2,287 hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020. Julai 2019 ulifika Goma; Agosti ukafika Pinga, ndani ya Walikale. Watu wa afya waliwaonya wananchi juu ya kugusa mizoga na nyama ya porini, na walikuwa sahihi, kwa kuwa virusi vya namna hiyo vinaweza kuruka kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu anayemchuna. Lakini onyo lilitolewa mahali ambapo hakuna bucha. Mama wa kijijini aliambiwa asipike alicho nacho, na hakuambiwa apike nini.

Yapo yaliyofanywa vizuri zaidi. Kaskazini, kati ya Lubero na Walikale, machifu wa Batangi na Bamate walikubali mwishoni mwa miaka ya 1990 kutenga ardhi yao kwa ajili ya masokwe, ndipo ikazaliwa hifadhi ya Tayna; baadaye ikafuata ya Kisimba-Ikobo, ndani ya Walikale. Katika eneo la Nkuba, Walikale, shirika la Dian Fossey Gorilla Fund lilianza katika muongo wa 2010 kufanya kazi na familia zenye ardhi ya kimila: wenye msitu wanabaki wenye msitu, na vijana waliokuwa wakitega wanalipwa kufuatilia nyayo na kung'oa nyaya. Ujuzi wa njia nyembamba na majani yaliyolala ni uleule.

Jambo jingine halina picha nzuri za kupeleka Ulaya, nalo linalisha watu: simbilisi, kile kinyama kidogo kisicho na mkia kilichotoka Amerika Kusini. Katika Kivu zote mbili hufugwa jikoni, kwenye pembe yenye joto, na hula maganda na majani. Wenyewe ni wanawake na watoto zaidi. Mwizi hamhangaikii sana, askari hamwoni, na siku ya kukimbia huingia kikapuni. Watafiti wa mifugo wameanza kumtilia maanani, na kwa haki: ndiye mfugo wa nchi ile aliyeweza kuhimili vita kuliko wengi.

Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ilianza kuzalisha bati kwa mitambo huko Bisie, katika mgodi wenye mawe tajiri kuliko karibu yote duniani. Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi, kisha Sake na Goma. Walipoikaribia Walikale mgodi ulisimama kwa wiki kadhaa; tarehe 19 Machi wakauingia mji huo, nao wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kila mara watu wanapokimbilia msituni, msitu ndio unaowalisha, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu kwa hilo.

Wenye uwezo wa kubadili mambo ni wengine. Kampuni inayotoa bati Walikale ina barabara, magari na barafu. Inaweza kufikisha samaki na nyama ya ng'ombe kwa bei ambayo mchimbaji mdogo anaimudu, na Serikali iifanye hiyo kuwa sharti la kibali. Wenye ranchi za Masisi wafungue soko lao upande wa magharibi pia. Waliotunga sheria za uwindaji wawape Wanyanga, Warega na Batwa nafasi ya kusema ni mnyama gani, kwa mtego gani, katika msimu gani, kama walivyokuwa wakijisemea. Na mama au baba wa nyumba huko Goma, Bukavu au Kisangani anayetajiwa bei ya kipande cheusi kilichobanikwa, aulize kabla ya kutoa fedha: ni mnyama gani huyu, ametoka msitu upi, nani amemtega? Muuzaji asiyejibu, asinunuliwe kitu.